Wasichana wa Kikosi cha Betsy Gray: Nora Connolly na Siasa za Vijana wa Ayalandi, 1909–1916

Historia ya Ayalandi ya mwanzoni mwa karne ya 20 imewapa vijana nafasi kubwa, na si bila sababu, kwa kuwa baadhi ya waliopigwa risasi na serikali ya Uingereza baada ya maasi ya Pasaka ya mwaka 1916 walikuwa wamepikwa kisiasa katika jumuiya ya vijana iliyojulikana kama Na Fianna Éireann. Hata hivyo, kijana anayetajwa katika historia hiyo karibu kila mara ni mvulana: ndiye aliyevaa sare, ndiye aliyekokota mkokoteni wa risasi, ndiye aliyesimamishwa ukutani akauawa. Wasichana waliokuwamo katika jumuiya hiyo hiyo, hasa wale wa mji wa Belfast, wametajwa pembeni, na pale walipotajwa wamefanywa kuwa mabinti wa baba fulani tu. Nora Connolly, ambaye baba yake James Connolly alikuwa mmoja wa watu saba waliotia saini Tangazo la Jamhuri, ndiye mfano ulio wazi zaidi wa hali hiyo, na kwa bahati njema ndiye pia aliyeacha maandishi ya kutosha kuirekebisha. Mwenendo wake katika siasa unadhihirisha jambo lisiloonekana katika katiba wala maazimio ya jumuiya hizo, yaani kwamba wasichana hawakupata nafasi yao kwa kura za mikutano mikuu, bali waliipata kwa kazi ambazo wavulana wasingeweza kuzifanya bila kukamatwa.

Ayalandi ilikuwa sehemu ya Ufalme wa Muungano tangu mwaka 1801, na wabunge wake waliketi London. Wapigakura wengi Wakatoliki walikiunga mkono chama kilichodai utawala wa ndani, maana yake bunge la Dublin lenye mamlaka juu ya mambo ya nyumbani tu, huku Waprotestanti, waliokuwa na nguvu hasa katika jimbo la kaskazini la Ulster, wakipinga hata hatua hiyo ndogo kwa hofu ya kutawaliwa na Wakatoliki. Wanajamhuri walikuwa kundi la tatu na dogo kuliko yote, ambalo lilitaka nchi ikate kabisa uhusiano na taji la Uingereza, kwa silaha ikibidi, na ambalo lilijihesabu kuwa mrithi wa Jumuiya ya Waayalandi Walioungana, chama kilichoanzishwa Belfast mwaka 1791 na kuwakusanya Waprotestanti na Wakatoliki chini ya fikra za mapinduzi ya Ufaransa. Kiini cha kundi hilo mnamo mwaka 1909 kilikuwa chama cha siri kilichoitwa Udugu wa Jamhuri ya Ayalandi, kilichoingiza wanachama wake kwa kiapo, na ambacho, kama jina lake linavyoashiria, kilikuwa cha wanaume.

Na Fianna Éireann ilizaliwa tarehe 16 Agosti 1909 katika ukumbi wa mtaa wa Lower Camden, Dublin, nao walioiasisi walikuwa watu wawili wasiofanana kwa lolote isipokuwa shabaha. Bulmer Hobson alikuwa kijana wa Kikweka kutoka Belfast, mwanachama wa chama cha siri, ambaye tayari mwaka 1902 alikuwa amejaribu kuanzisha kundi la wavulana lenye jina kama hilo mjini kwao. Constance Markievicz alikuwa binti wa kabaila mwenye mashamba makubwa huko Sligo, aliyeolewa na msanii mwenye asili ya Poland, na aliyeingia katika siasa za utaifa akiwa amekwisha kuvuka umri wa miaka 35. Kilichomsukuma ni kuenea kwa skauti wa Robert Baden-Powell, jenerali aliyepata umaarufu kwa kuulinda mji wa Mafeking katika vita vya Waingereza na Makaburu, na ambaye kaburi lake liko Nyeri nchini Kenya, ambako alifariki mwaka 1941. Markievicz aliona kwamba wavulana wa Kiayalandi wanaofundishwa gwaride chini ya bendera ya Uingereza wanaandaliwa kuwa askari wa himaya, akaazimia kuuchukua mtindo huo huo na kuugeuza dhidi ya wenyewe. Wavulana wapatao 100 walikuja, na baadhi yao wakalalamika papo hapo kwamba mwanamke hana nafasi katika mkutano wa jumuiya ya kivita, ingawa ndiye aliyelipa kodi ya ukumbi waliokuwa wameketi ndani yake.

Jina la Fianna lilitoka katika hekaya za kale kuhusu wapiganaji wa Fionn mac Cumhaill, na matawi ya jumuiya yaliitwa kwa neno la Kiayalandi sluagh, yaani kikosi. Kila mwanachama aliahidi kufanya kazi kwa ajili ya uhuru wa Ayalandi, kutojiunga kamwe na majeshi ya Uingereza, na kuwatii maofisa wake. Mafunzo yalichanganya lugha ya Kiayalandi na historia ya nchi, ambazo shule za serikali zilizipa nafasi finyu, pamoja na gwaride, ishara za bendera, huduma ya kwanza, kambi za mwisho wa wiki na kulenga shabaha. Ilipofika mwaka 1913 jumuiya hiyo ilikuwa na vijana waliokwisha kukomaa kiasi cha kuwafundisha watu wazima, na Patrick Pearse, aliyeongoza maasi ya 1916, aliandika mwaka 1914 kwamba bila ya Fianna jeshi la kujitolea la wanautaifa, lililoundwa mwaka uliotangulia, lisingekuwapo. Andiko hilo alilielekeza kwa wavulana wa Ayalandi, na kichwa chake kinasema hivyo waziwazi.

Si kwamba wanawake hawakuwa na jumuiya zao. Tangu mwaka 1900 kulikuwa na Inghinidhe na hÉireann, maana yake Mabinti wa Ayalandi, iliyoanzishwa na Maud Gonne, ambayo kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuwaandalia karamu maelfu ya watoto wa Dublin waliokataa kushiriki sherehe za ziara ya Malkia Victoria, na ambayo baadaye ilitoa gazeti lililohaririwa na Helena Molony, rafiki na mshirika wa Markievicz. Dublin kulikuwa pia na skauti wa kike walioitwa Clan na nGaedheal. Mpango huu wa kila jinsia kuwa na nyumba yake uliwaridhisha wengi, na huenda ungeendelea hivyo nchi nzima kama familia ya Connolly isingehamia Belfast.

James Connolly alizaliwa mwaka 1868 katika mtaa wa maskini wa Edinburgh, Uskoti, kwa wazazi Waayalandi, akajifunza ujamaa kwa kusoma usiku na kufanya kazi za sulubu mchana. Nora, bintiye wa pili, alizaliwa mjini humo humo mwaka 1892, na mdogo wake Ina akazaliwa Dublin mwaka 1896, baba yao alipokuwa amehamia huko kuongoza chama kidogo cha kijamaa. Umaskini uliwasukuma hadi Marekani, ambako waliishi Troy na Newark kabla ya kufika New York, na mwaka 1910 wakarudi Ayalandi. Mwaka 1911 Connolly alipewa kazi ya mratibu wa chama cha wafanyakazi wa usafirishaji mjini Belfast, na familia ikapanga nyumba katika barabara ya Falls, eneo la Wakatoliki, mkabala na makaburi ya mji. Nora alikuwa na umri wa miaka 18 na alifanya kazi ya kushona. Msichana aliyekwisha kuishi katika nchi tatu, aliyezoea kuona nyumbani mwake mikutano ya usiku na magazeti yanayopangwa mezani, hakuwa mwepesi wa kuambiwa kwamba kitu fulani hakifanywi na wasichana.

Belfast ya mwaka 1911 ulikuwa mji wa watu wapatao 387,000, ambao takriban robo yao walikuwa Wakatoliki, na uchumi wake ulisimama juu ya nguzo mbili zilizogawanyika kijinsia. Wanaume, wengi wao Waprotestanti, walifanya kazi katika viwanda vya kuunda meli, ambako mwezi Mei mwaka huo meli ya Titanic iliteremshwa majini, ilhali wanawake na watoto wa madhehebu yote walifanya kazi katika viwanda vya kitani, wakisokota nyuzi katika vyumba vyenye joto na unyevunyevu, miguu mitupu sakafuni kwenye maji, na kwa mujibu wa sheria mtoto wa miaka 12 aliruhusiwa kugawa muda wake kati ya kiwanda na shule. Oktoba 1911 wasichana wa viwanda hivyo waligoma kupinga kanuni mpya zilizowatoza faini kwa kuimba, kucheka, kuzungumza au hata kutengeneza nywele wakati wa kazi. Mgomo haukufanikiwa kwa namna ya kawaida, kwa sababu hawakuwa na akiba ya kujilisha, na Connolly akawashauri warudi kazini huku wakiivunja kanuni kwa pamoja: akitozwa mmoja kwa kuimba, waimbe wote, na akifukuzwa mmoja, watoke wote. Walirudi wakiimba, na kanuni hizo zikakosa nguvu. Mafunzo haya ya kisiasa, yaliyotolewa na wasichana wenyewe kwa wenyewe, Nora aliyashuhudia kabla hajavaa sare yoyote, na ni vigumu kuuelewa ujasiri wa kikosi cha Belfast bila ya kuyakumbuka.

Kikosi hicho kilikuwa tawi la wasichana ndani ya Fianna, si jumuiya ya pembeni, na katika hilo kilikuwa jambo la pekee. Nora na Ina walikuwa miongoni mwa waanzilishi na nguzo zake. Wasichana walifanya gwaride, walijifunza Kiayalandi na historia, walihudhuria mihadhara, na walitoka pamoja na wavulana kwenda kwenye vilima vinavyouzunguka mji, wakibeba mahema na vyakula kwa zamu ile ile. Ina, ambaye kumbukumbu zake ndizo zenye habari nyingi zaidi kuhusu maisha ya kila siku ya kikosi, alikuwa na umri wa mwanafunzi wa sekondari, na kwake Fianna ilikuwa shule aliyoichagua mwenyewe.

Jina walilolichagua, la Betsy Gray, lilikuwa na uzito wake. Betsy Gray anasimuliwa kuwa msichana wa kaunti ya Down aliyeshiriki katika pigano la Ballynahinch, Juni 1798, wakati Waayalandi Walioungana walipoasi, na kwamba aliuawa na wapandafarasi wa serikali pamoja na kaka yake na mchumba wake walipokuwa wakikimbia. Historia na hekaya zimefumana katika kisa hicho, na riwaya ya W. G. Lyttle iliyotoka katika miaka ya 1880 ilizidi kuvichanganya, lakini jambo moja halikuwa na shaka kwa wasomaji wa kaskazini: Betsy Gray alikuwa Mpresbiteri, yaani Mprotestanti. Mwaka 1896 mnara ulijengwa kwenye kaburi linaloaminika kuwa lake, na miaka miwili baadaye, katika maadhimisho ya karne moja ya maasi hayo, Waprotestanti wa mahali hapo waliuvunjavunja ili wanautaifa wa Belfast wasifike kuutukuza. Wajukuu wa waasi walikuwa wameapa utii kwa Uingereza na hawakutaka kumbukumbu ya nyanya zao itumiwe na wengine. Wasichana wa barabara ya Falls walipolitwaa jina hilo miaka kama 14 baadaye walikuwa wakidai mambo mawili kwa mpigo, kwanza kwamba jamhuri si mali ya Wakatoliki, na pili kwamba msichana mwenye silaha si ubunifu wa Markievicz, kwani ana mababu, au tuseme mabibi, katika ardhi ya Ulster yenyewe.

Mazingira hayakuwa ya mchezo. Mwaka 1912 serikali ilipeleka bungeni mswada wa utawala wa ndani, na Julai mwaka huo wafanyakazi wapatao 3,000, Wakatoliki kwa sehemu kubwa pamoja na Waprotestanti wenye msimamo wa kijamaa au wa kiliberali, walifukuzwa kwa vipigo kutoka viwanda vya meli vya Belfast. Tarehe 28 Septemba wapinzani wa mswada walitia saini Agano la Ulster, wanaume 237,368 wakiahidiana kwamba wataupinga kwa kila njia, huku wanawake 234,046 wakitia saini hati tofauti iliyotamka kwamba wanaungana na wanaume wao katika msimamo huo. Upande huo nao, kama ilivyokuwa upande wa wanajamhuri, ulijua kuwahesabu wanawake bila ya kuwaweka kwenye karatasi moja. Msichana aliyepita mitaani akiwa na sare ya Fianna katika mji wa namna hiyo hakuwa anacheza skauti, na mawe aliyorushiwa hayakuulizia jinsia.

Ndani ya Fianna yenyewe upinzani ulikuwa wa adabu zaidi lakini haukuwa dhaifu. Suala la wasichana lilijadiliwa katika mkutano mkuu wa jumuiya mwaka 1912, Markievicz akiwatetea na maofisa kadhaa wa kiume wakipinga kwa hoja ambazo ni rahisi kuzikisia: kwamba nidhamu ya kijeshi itaharibika, kwamba wazazi hawatakubali, kwamba wasichana wana jumuiya zao. Matokeo yalikuwa kwamba mfano wa Belfast haukugeuzwa kuwa kanuni ya nchi nzima, na kikosi cha Betsy Gray kiliendelea kuwepo kama jambo lisiloridhiwa wala kufutwa. Hali hiyo ya kuvumiliwa ilikuwa na faida yake, kwa sababu asiyekuwa na cheo kinachotambulika hana pia mipaka iliyochorwa.

Faida hiyo ilijitokeza mwezi Julai 1914. Wapinzani wa utawala wa ndani walikuwa wameunda Jeshi la Kujitolea la Ulster na kuingiza bunduki zipatazo 25,000 kupitia bandari ya Larne mwezi Aprili, polisi wakitazama. Wanautaifa nao, waliounda jeshi lao la kujitolea Novemba 1913, wakajibu kwa kuleta silaha chache zaidi na za zamani zaidi, bunduki 1,500 za Kijerumani za muundo wa mwaka 1871, ambazo 900 kati yake zilishushwa mchana kweupe tarehe 26 Julai katika bandari ya Howth kutoka jahazi la Erskine Childers, ambamo wahudumu wawili walikuwa wanawake, Molly Childers na Mary Spring Rice. Vijana wa Fianna walikuwa pale na mkokoteni wao, wakiwa kundi lenye nidhamu kuliko wote. Njiani kurudi mjini polisi na wanajeshi walijaribu kuzinyang'anya, wengi wakatoroka nazo kupitia mashambani, na jioni hiyo wanajeshi waliokuwa wakirudi kambini walifyatulia risasi umati uliokuwa ukiwazomea katika mtaa wa Bachelors Walk, wakaua watu watatu papo hapo, na mwingine akafa baadaye.

Bunduki zilizofichwa vichakani na katika nyumba za pembezoni zilipaswa kukusanywa kabla polisi hawajazifikia, na hapo ndipo Nora na Ina, waliokuwa Dublin wakati huo kwa Markievicz, walipoitwa. Kama Nora alivyosimulia baadaye, wasichana hao walisafirishwa kwa gari wakiwa wameketi juu ya bunduki zilizofunikwa, wakijifanya abiria wa kawaida wanaotoka matembezini, kwa kuwa hakuna askari aliyetarajiwa kumwinua msichana kutoka kitini pake. Ujira wao ulikuwa bunduki za kupeleka Belfast, nao wakazifikisha. Katika mkutano mkuu wa 1912 hoja ilikuwa kama msichana ana nafasi katika jumuiya yenye nidhamu ya kijeshi, na miaka miwili baadaye bunduki zilikuwa zikienda kaskazini kwa mikono ya wasichana hao hao kwa sababu hiyo hiyo iliyofanya wazuiwe, yaani dhana ya watu kwamba msichana hana shughuli nazo.

Miezi michache kabla, tarehe 2 Aprili 1914, ilikuwa imeanzishwa Cumann na mBan, maana yake Jumuiya ya Wanawake, iliyokusudiwa kulisaidia jeshi la kujitolea kwa fedha, huduma ya kwanza na mawasiliano. Wanawake kadhaa waliilaumu kwa kukubali cheo cha msaidizi, lakini tawi la Belfast, ambamo Nora aliingia akiwa na uzoefu wa Fianna, lilijulikana kwa kuchukua mafunzo ya silaha kwa uzito kuliko kushona bendeji. Alikuwapo pia Winifred Carney, katibu wa wafanyakazi wa kitani, ambaye mwaka 1916 aliingia katika jengo la Posta Kuu la Dublin akiwa na taipureta mkono mmoja na bastola mkono mwingine. Mwishoni mwa mwaka 1914, vita vya dunia vikiwa vimeanza na baba yake akiwa ameamua kwamba shida ya Uingereza isiachwe ipite, Nora alitumwa New York na ujumbe kwa Waayalandi wa huko, kazi ambayo mwanamume mwenye jina lile asingeweza kupita nayo bandarini.

Wiki za mwisho kabla ya maasi zilimtumia kwa namna hiyo hiyo. Liam Mellows, aliyewahi kuwa mratibu wa Fianna na sasa akitakiwa kuongoza kaunti ya Galway, alikuwa amehamishiwa kwa nguvu katika mji mdogo wa Leek nchini Uingereza, na Nora alikwenda huko pamoja na mdogo wake Mellows, Barney, wakafanikisha kutoroshwa kwake hadi Dublin akiwa amevaa mavazi ya kasisi. Jumamosi ya Pasaka, tarehe 22 Aprili 1916, Nora alikuwa Coalisland, kaunti ya Tyrone, ambako wanajeshi wa kujitolea wa Belfast walikusanyika pamoja na wanawake wa kikosi chake kwa mpango wa kuvuka kuelekea magharibi na kuungana na Mellows. Usiku huo habari zikaja kwamba Eoin MacNeill, mkuu wa jeshi la kujitolea, ambaye hakuwa ameambiwa ukweli wa mipango hadi dakika za mwisho, ametoa amri ya kuusimamisha mwito, na viongozi wa kaskazini wakaanza kuwarudisha watu makwao.

Nora na wenzake hawakuafiki. Walipanda treni ya usiku hadi Dublin, wakafika alfajiri ya Jumapili katika Liberty Hall, makao ya chama cha wafanyakazi, wakamwamsha Connolly na kumwambia kwamba watu wa kaskazini wako tayari ila wamekatazwa kupigana. Akawatuma mmoja mmoja kwenda kuwaamsha viongozi wengine na kuwapa taarifa hiyo. Viongozi walipokusanyika kuamua kama maasi yafe au yaahirishwe kwa siku moja, ni Nora aliyewapikia kifungua kinywa, watu ambao wote waliuawa ndani ya wiki tatu. Msichana aliyesafiri usiku kucha na taarifa ya kijeshi alipofika alipewa kikaango, na yeye mwenyewe alikisimulia kisa hicho kwa fahari, bila dalili ya kinyongo. Mwanahistoria hana haki ya kumwonea uchungu asiouonyesha, ingawa anaweza kuona kwamba tarishi na mpishi walikuwa mtu yule yule.

Jumatatu asubuhi, saa chache kabla ya Pearse kusoma Tangazo mbele ya Posta Kuu, walirudishwa Tyrone na ujumbe wake kwamba Dublin inainuka. Walichelewa, kwani watu walikuwa wametawanyika na polisi wakianza kuwasaka waliobaki. Nora alimkuta Ina huko, wakashindwa kuwashawishi viongozi wa mahali hapo, na mwishoni mwa wiki wakaamua kurudi Dublin kupigana. Treni ilipofika Dundalk haikuendelea, wakatembea kwa miguu umbali wa kilomita 80 hivi, wakilala kondeni, na walipofika mji ulikuwa umesalimu amri na katikati yake ukiwa majivu. Kaka yao Roddy, kijana wa miaka 15, alikuwa amekaa katika Posta Kuu sehemu ya wiki hiyo, na kwa hiyo jina lake limo katika orodha za wapiganaji bila ubishi, ilhali dada zake waliohangaika wiki hiyo kati ya Tyrone na Dublin walihitaji kueleza walikuwa wapi.

Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei, Nora na mama yake Lillie waliitwa katika kasri ya Dublin kumuaga James Connolly, aliyekuwa kitandani na kifundo cha mguu kilichovunjwa na risasi, na ambaye alfajiri hiyo alipelekwa gereza la Kilmainham na kuuawa akiwa ameketi kitini. Chini ya shuka alimpenyezea Nora karatasi iliyokunjwa, maelezo aliyoyatoa mbele ya mahakama ya kijeshi, na Nora akaitoa nje mbele ya walinzi. Con Colbert na Seán Heuston, maofisa wawili wa Fianna, walikuwa wameuawa siku 4 kabla. Markievicz, aliyekuwa wa pili katika uongozi wa kikosi cha St Stephen's Green, alihukumiwa kifo kama wao, kisha adhabu ikageuzwa kuwa kifungo kwa sababu moja tu iliyoandikwa, kwamba yeye ni mwanamke.

Tangazo la Jamhuri lilikuwa limewahutubia wanaume na wanawake wa Ayalandi kwa pamoja na kuwaahidi haki sawa. Ahadi hiyo ilitimia upande wa kura mwaka 1922, katiba ya Dola Huru ya Ayalandi ilipowapa wanawake wote waliotimiza miaka 21 haki ya kupiga kura, miaka 6 kabla ya Uingereza, lakini dola hiyo yenyewe ilizaliwa kwa mkataba ambao wanajamhuri waliukataa kwa kuwa ulibakiza kiapo kwa mfalme na kuiacha nchi ikiwa imegawanywa. Cumann na mBan iliukataa kwa kura 419 dhidi ya 63. Nora alikuwa upande huo, akashika kwa muda kazi ya mlipaji mkuu wa jeshi la wanajamhuri katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, kisha akafungwa.

Hesabu ya nani alikuwa mpiganaji ilifanywa baadaye, na ilifanywa kwa fedha. Sheria ya pensheni za jeshi ya mwaka 1923 iliandikwa kwa wanajeshi, na Margaret Skinnider, mwalimu kutoka Uskoti aliyepigwa risasi tatu akiongoza shambulio mwaka 1916, alinyimwa malipo ya majeraha kwa maelezo kwamba neno mwanajeshi katika sheria humaanisha mwanamume, akasubiri hadi mwaka 1938. Sheria ya mwaka 1934 iliiingiza Cumann na mBan, lakini ilihesabu utumishi kuanzia Aprili 1916, hivyo bunduki za Howth zilizofikishwa Belfast na wasichana wawili hazikuwa na thamani yoyote katika vitabu vya hazina. Nora, aliyechapisha masimulizi yake New York mwaka 1918 na kitabu kuhusu baba yake mwaka 1935, aliteuliwa kuwa seneta mwaka 1957 na kukaa katika kiti hicho hadi mwaka 1969. Ina alitoa ushahidi wake kwa Ofisi ya Historia ya Kijeshi, iliyokusanya maelezo 1,773 ya watu walioshiriki kati ya mwaka 1947 na 1957 na kuyafungia hadi Machi 2003. Habari nyingi za kikosi cha Betsy Gray zimo katika ushahidi huo. Wanajamhuri walipokuja kuwapangia wasichana mahali rasmi, waliwaundia jumuiya yao, Cumann na gCailíní, na kuiweka chini ya Cumann na mBan, nje ya Fianna.